Mpangaji wa Kabatini

Umekaa kabatini, nyuma ya ufagio na viatu vya marehemu,
jicho lako moja jekundu likikonyeza,
peni, jicho, peni, jicho.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe una miaka tisa humu
na hujashika hata kijiko.

Mwaka juzi pauni kumi zilikutosha wiki nzima
ukabakiza na makombo.
Mwaka jana, siku nne.
Leo nimekulisha saa tatu asubuhi,
nimetoka dukani kwa Farooqi na kadi kifuani
kama mtu aliyebeba dawa ya mtoto,
na giza lilipoingia, saa kumi kamili,
ulikuwa umeshafuta mdomo.

Barua ya kampuni ina upole wa muuguzi.
Wanaelewa kipindi hiki ni kigumu.
Wananishauri nichemshe maji ya kikombe kimoja tu,
nivae nguo juu ya nguo.
Mimi, Netta Geddes, mzaliwa wa Dundee,
niliyelala na dada zangu watatu chini ya koti moja la baba,
leo nafundishwa kuvaa!

Haya, nimevaa:
fulana, fulana, sweta la kijani,
juu yake sweta la Doug lenye tundu la kiko
(alikwenda nalo hospitali, likarudi peke yake).
Chini ya mlango nimelaza gunia.
Mama alilitoa kiwandani, enzi mji huu ukisokota juti
na magunia yetu yakizunguka dunia kuliko sisi.
Nimelijaza soksi zisizo na wenzi.
Upepo wa Mto Tay unalinusa, unageuka,
unapitia tundu la barua.

Siku ya theluji ya kwanza nilishuka ngazi
hadi kwa Petrie,
ambaye hatujasalimiana miaka kumi na moja
kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo.
Kamba yenyewe ilishaoza.
Alifungua amejitanda blanketi, kofia kichwani,
kama mfalme aliyepinduliwa usingizini.
Mvuke wa pumzi yake ulining'inia mle mle sebuleni.
Nikasema, "Umewasha redieta ngapi?"
Akasema, "Wewe je?"
Hakuna aliyejibu.

Tukapatana kama nchi mbili zilizoishiwa risasi:
Jumatatu kwangu, Jumanne kwake,
mgeni aje na maziwa yake,
habari ya kamba isiguswe.
Ananisomea matangazo ya vifo, kwa sauti, kwa furaha kidogo.
Supu anaivuta utadhani anafyonza bomba.
Mbwa wake, Bramble, ananuka kama zulia lililosahauliwa mvuani,
lakini hunilalia miguuni,
na mbwa hasomwi kwenye mita.

Jana Petrie alisema, bila kuinua macho gazetini,
kwamba ile kamba ilikuwa yangu.
Nikamwambia mapatano ni mapatano.
Nikaenda kuosha vikombe
ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili haimo katika mkataba.
Jumapili ni kila mtu na kitanda chake.
Nimejifunika hadi puani,
chupa ya maji moto tumboni kama mimba ya uzeeni,
vioo vimeota barafu kwa ndani.
Nawe, mpangaji, umefumba jicho. Sijakupa kitu.
Kwa mara ya kwanza tuko njaa sawa.

Kisha, kupitia bomba la redieta lililopoa,
kutoka chini,
kijiko:
ko. Ko.
Petrie anauliza kama bado nipo.

Natoa mkono nje ya blanketi;
ni kama kuutia mtoni.
Naupapasa mguu wa meza, miwani, kikombe.
Subiri, mzee. Subiri.
Natafuta kijiko.